Kadi ya Babu Ina Uzito wa Kaka Yake

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, ingawa najua ukifika katikati utaiweka barua chini useme huyu mwanamke ana moyo gani, na mimi mwenyewe nimejiuliza hivyo kwa miezi mitano sasa na jibu sijapata.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na mashati ya watoto kwenye chumba cha mbele cha nyumba tunayopanga, na nina watoto wawili wa kiume, mapacha wa kufanana, wana miezi kumi na minne. Walizaliwa wiki saba kabla ya siku zao, wa kwanza ana kilo mbili na gramu mia moja, wa pili kilo moja na gramu mia nne, na huyu wa pili alitoka paji la uso limejikunja kama mzee aliyeletewa habari mbaya, ndiyo maana wauguzi wakamwita Babu na jina likamganda, na kaka yake kwa ajili ya mashavu tukamwita Bonge. Baba yao ni fundi umeme, yuko mradini mbali, aliondoka watoto wana miezi saba na atarudi mwisho wa mwezi huu, na hapo ndipo maji yatakaponifika puani, maana shingoni yalishafika zamani.

Tangu mwanzo Bonge alikuwa anatangulia na Babu anabaki nyuma, Bonge alikaza shingo, akajigeuza, akakaa, na Babu kila kitu anakitazama tu kaka yake akikifanya, anacheka, kama vile ameletewa maonyesho nyumbani. Kliniki walikuwa wanapimwa uzito kila mwezi, na Babu kwa kuwa alizaliwa mdogo sana aliandikwa pia kwenye orodha ya watoto wa mazoezi, kuna mama mmoja wa viungo anawalaza kwenye godoro anawafundisha kukaa na kutambaa, mama mpole, hapandishi sauti. Mimi tatizo langu lilikuwa mizani. Muuguzi wa mizani alikuwa akimweka Bonge anasifia, akimweka Babu ananyamaza, na siku moja mbele ya benchi zima akaniambia, “Mama, tumbo moja, ziwa moja, huyu ananenepa huyu anakauka, kwani huyu mwingine humlishi? Akinenepa atakaa, akikaa atasimama, mtoto hatembei kwa maombi.” Wanawake wakacheka, Mshauri, mpaka mmoja aliyekuwa ananyonyesha akatoa ziwa mdomoni mwa mtoto ili acheke vizuri.

Nikafika nyumbani nikakuta mama mkwe ameshapiga simu, maana mume wangu humtumia picha za kadi, naye akaniambia kwa ile sauti yake ya sukari, “Mwanangu, naona mtoto mmoja unamlea, mwingine unamfuga. Nitakuja nimchukue Babu nikamlee mwenyewe.” Nilimweleza mume wangu nikidhani atanitetea, akasema, “Mama naye ana neno, tumwangalie Babu mwezi huu na ujao.” Yaani kuanzia hapo nikawa nalala na kuamka na kilo. Nikaacha kumpeleka Babu kupimwa, miezi miwili nikasingizia mafua, na hapa nyumbani nikawa namlisha uji wa lishe kwa nguvu, nambana kwapani, namfungua mdomo, anapaliwa, anatapika, naanza upya, mpaka leo akiona kijiko tu anageuza uso ukutani.

Walipofika miezi tisa Babu alipata mafua ya kweli, nikamwacha kwa msusi, jirani yangu wa chumba cha pili, nikaenda na Bonge peke yake, na kadi zote mbili zilikuwa kwenye mfuko mmoja wa nailoni. Foleni ilikuwa ndefu. Muuguzi akavuta kadi ya juu, akampima Bonge, kilo nane na nusu, akaandika, akachora mstari ukapanda kama ngazi, kisha akapiga makofi, “Umeona sasa? Si nilikuambia? Huyu si yule Babu aliyekauka!” Nikatazama, kadi aliyoandika ilikuwa ya Babu. Mshauri, mdomo niliufungua, Mungu ananiona, nilitaka kusema siye, lakini wale wanawake wa benchi walikuwa wananitazama kwa heshima, na ilikuwa mara ya kwanza tangu nijifungue mtu kunitazama hivyo, basi nikaufunga. Keshokutwa yake nikarudi na Bonge yuleyule na kadi yake mwenyewe.

Hiyo ya kwanza nasema ilikuwa bahati mbaya. Ya pili, ya tatu na zilizofuata nilizishona mwenyewe. Bonge ana shati la kijani na Babu ana la njano, ndivyo watu wanavyowatofautisha kwenye picha, basi nikakata shati lingine la njano kwa kipimo cha Bonge. Siku ya kijani anakwenda Bonge, siku ya njano anakwenda Bonge, na picha za kutuma ni hivyohivyo, huku Babu yuko kwa msusi. Mama mkwe akanyamaza, mume wangu akanitumia ujumbe kwamba amewaonyesha wenzake mradini, na mimi nikajiambia haya ni ya muda tu, Babu akifikia uzito ule mstari utakuwa wa kweli na hakuna atakayejua.

Walipofika miezi kumi na moja, Bonge akiwa na shati la njano alishika meza ya mizani akasimama. Muuguzi akafurahi, akaandika kwenye kadi ya Babu “anasimama kwa kushika,” akavuka mpaka chumba cha pili akamwambia yule mama wa viungo kwamba huyu wa mapacha amefika, amtoe kwenye orodha, kuna watoto wengine wanasubiri nafasi. Miadi miwili ya mazoezi nilikuwa nimeshaikosa kwa makusudi, kwa sababu chumba cha mazoezi kinatazamana na cha mizani, na yule mama mikono yake inamjua Babu, asingedanganyika na shati. Nikaona jina la mwanangu linapigwa mstari. Nikasema asante.

Sasa Bonge anatembea, anavuta kamba za mashine yangu, anabeba vifungo. Babu hakai. Nikimzungushia mito anakaa kidogo kisha anaanguka, daima upande wa kushoto. Mkono wa kushoto ameukunja ngumi, ukimfungua unajifunga. Hatambai, anajikokota kwa mkono wa kulia, toka mkekani mpaka mguu wa cherehani, na akifika hapo anachoka analala kifudifudi akisikiliza mashine. Nguo zake nampima mwenyewe kila mwezi kwenye daftari langu la wateja, maana za kaka yake zinamvuka, na suruali zake siku hizi naacha mshono wa mguu wa kushoto wazi niufunge akishavaa, kwa sababu mguu ule anaukaza haupiti. Msusi ananiuliza, “Leo tena unamwacha huyu?” nami namjibu ana mafua, ananitazama, anaendelea kusuka. Wiki iliyopita nilimkuta Babu amenyoosha shingo anamtazama Bonge akitoka mlangoni, nikamwambia kwa hasira, “Mwenzako ameshauona mlango, wewe unasubiri nini?” Akacheka. Mshauri, nilikaa chini ya meza ya kukatia nikalia mpaka nikasahau kwamba mteja yuko nje.

Wengine wananiambia pacha mdogo huchelewa tu, siku moja ataamka anakimbia. Nisubiri? Na nikienda kliniki nitasema nini, maana kadi inasema mwanangu ni mzima, ana kilo kumi, anasimama, nani ataniamini mimi aliyewadanganya? Watasema nimemtesa kwa njaa, mama mkwe atamchukua, pengine wote wawili, na mume wangu akishuka kwenye basi atamnyanyua Babu na mikono yake itajua papo hapo. Kuna wakati nawaza niwaache kwa msusi niende nisikojulikana, watalelewa na mtu mwenye akili. Katika kazi yangu ukikosea kukata kitambaa, kimekatwa. Nami naona nimemkata mwanangu vibaya na sina cha kuunga. Nisaidie, nimekwisha.

Ni mimi, mama wa Bonge na Babu.

JIBU

Mama Bonge na Babu, marahaba. Barua yako nimeirusha foleni, na waliokuwa wakisubiri mbele yako watanisamehe wakisoma kisa chako.

Nianze na lile uliloliweka mwisho ukidhani litapita kimyakimya. Huendi kokote. Mtoto anayejikokota kwa mkono mmoja mpaka kwenye mguu wa cherehani anajua anakokwenda, na anakokwenda ni kwako. Ukiona wazo hilo linarudi, gonga ukuta wa msusi, umwambie waziwazi, “Usiniache peke yangu.” Usimwambie habari za mafua. Huyo mwanamke amejua siku nyingi kuna jambo, anakungojea tu ufungue mdomo.

Sasa niruhusu nikugombeze, maana usipogombezwa hutaniamini. Umekosea, na umekosea vibaya. Muuguzi alikuaibisha mbele za watu, na hilo ni kosa lake, na mstari uliopanda ghafla kiasi kile ulipaswa umfanye anyanyue macho amtazame mtoto badala ya kupiga makofi. Mama mkwe wako ana ulimi wa wembe. Mume wako alipaswa kuuliza, “Wewe unaendeleaje?” kabla ya kuuliza kilo. Hayo yote ni kweli, lakini siku jina la Babu lilipopigwa mstari, mtu pekee chumbani aliyejua ukweli alikuwa ni wewe, na ukasema asante. Ulitaka aibu ikuondoke na kweli ikakuondoka, ikaenda kukaa kwa mtoto. Yeye ndiye amekosa mikono ya yule mama mpole kwa miezi mitano.

Barua yako nimemsomea mtaalamu wa viungo vya watoto ninayemwamini, bila kumtajia chochote kinachokutambulisha. Aliponisikia nikisoma habari za ngumi na kuanguka kushoto, aliniambia niache kusoma kwanza. Kisha akaniambia mambo haya, nami nakupa kama alivyonipa.

Wanao walitangulia kuzaliwa kwa wiki saba, kwa hiyo kwa hesabu ya mwili wana mwaka na wiki chache tu, si miezi kumi na minne. Bonge amewahi. Usimfanye rula ya kumpimia mwenzake. Pacha aliyezaliwa na uzito mdogo mara nyingi huchelewa kukaa na kutembea, na wengi wao hufika, kwa hiyo wanaokuambia hivyo hawajakudanganya kabisa. Ukuaji wa mwili na mwendo wa viungo vinahusiana, mtoto aliyekonda huchoka upesi. Ila muuguzi wako alilifupisha mno jambo hili. Yuko mtoto mnene asiyekaa na yuko mwembamba anayekimbia, kwa sababu kukaa kunahitaji pia shingo, mgongo, ubongo unaotuma habari, na muda wa kutosha mkekani. Ungemjaza Babu uji mpaka akafika kilo za kaka yake, mguu ule wa kushoto ungebaki umekazana vilevile.

Na mguu huo ndio usiosubiri. Kuchelewa kwa pande zote mbili ni jambo moja. Mtoto wa umri wake anayeshindwa kukaa mwenyewe, mwenye mkono mmoja wa ngumi, mguu wa upande huohuo umekaza, na anayepaliwa akila, anatakiwa aonwe na daktari wiki hii. Sitakupa jina la ugonjwa, mimi si daktari. Wala sitakuahidi kwamba atatembea. Ungependa niseme hivyo, najua, ningependa na mimi. Huenda atatembea, huenda atatembea kwa msaada, huenda miezi mliyoipoteza haitarudi yote. Ninachojua ni kwamba mikono ikianza mapema inafaa zaidi kuliko ikichelewa, na leo ni mapema kuliko mwezi ujao. Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema wazee. Usishtuke, sisemi Babu anakufa. Nasema jambo hili litatoka nje kwa vyovyote, na ni bora litoke mdomoni mwako.

Basi sikiliza. Jumatano hii funga mashine. Mchukue msusi, yeye ambebe Bonge, wewe mbebe Babu, kwa sababu watoto wawili wanahitaji mikono minne na wewe umejifanya una yote. Usiende chumba cha mizani. Ingia chumba cha mazoezi kwa yule mama wa viungo, mweke Babu mikononi mwake kabla hujatoa kadi yoyote. Kisha sema sentensi moja, uifanyie mazoezi njiani, “Uzito ulioandikwa hapa tangu alipofika miezi tisa si wa mtoto huyu.” Usianze na benchi wala na mama mkwe. Hiyo kwanza, machozi baadaye, muda wa kulia utapewa. Waeleze na habari ya kupaliwa, uombe daktari amwone Babu siku hiyohiyo, na kijiko cha nguvu kikome leo.

Unaogopa watakunyang'anya watoto. Siwezi kuwasemea. Najua tu kwamba wanaoketi vyumba vile wameshawaona akina mama wengi waliokaa na siri mpaka ikawazidi, na aliyekuja mwenyewe na mtoto mikononi husikilizwa tofauti na aliyefumaniwa. Mume wako mpigie simu kabla hajapanda basi. Mwambie picha zile zote ni za Bonge. Atakasirika, ana haki ya kukasirika, na safari ndefu ya basi ni mahali pazuri pa kukasirikia. Mama mkwe aambiwe na mwanawe.

Umeuliza ni nani atakuamini wakati kadi imejaa uongo. Nikashangaa, maana jibu umeliandika mwenyewe ukalipita kama mtu anayepita mlango wa kwake. Unampima Babu kila mwezi. Kifua, mikono, urefu wa mguu, vyote vimo kwenye daftari lako kati ya vipimo vya sare za watoto wa watu, na nina hakika tarehe zipo kwa sababu fundi asiyeandika tarehe hugombana na wateja. Humo mna mwezi ulioanza kuacha mshono wa mguu wa kushoto wazi. Hakuna daktari aliye na kumbukumbu hiyo. Ulipokuwa unamdanganya kila mtu kwa mizani ya kliniki, kwa futi yako hukuweza kudanganya, kwa kuwa nguo ingemkataa. Lichukue daftari hilo. Na ulifungue mwenyewe kabla ya Jumatano, usome mistari yake toka juu mpaka chini, uone kama mguu ule haujarefuka. Babu amekuwa akikua miezi yote hii, mama, polepole na kivyake, na ni wewe uliyeandika.

Umesema kitambaa kikikatwa kimekatwa. Sawa, lakini nguo ngapi umezifumua maishani mwako ukazishona upya, mteja akavaa? Anza na lile shati kubwa la njano. Lifumue leo, vitambaa vyake uvitupe kwenye kapu la vipande. Halafu Jumatano asubuhi mvalishe Babu shati lake, lile dogo, lenye kipimo chake, uende naye.